Sauti ya Redio Ndani ya Picha: Sarufi na Ubora wa Utangazaji wa Soka katika Runinga za Kiswahili

Kutangaza mpira redioni na kutangaza mpira katika runinga ni kazi mbili, ingawa hufanywa kwa kipaza sauti cha aina moja na mara nyingi na mtu yuleyule. Redioni mchezo haupo mpaka utajwe. Shuti likipigwa na mtangazaji akanyamaza, msikilizaji hajui kama limepigwa. Kwenye runinga mchezo upo tayari, na mtazamaji ameshauona kabla neno halijatoka. Anachokosa ni kitu kingine: sababu ya tukio, nia ya mchezaji, kanuni iliyomwongoza mwamuzi, na yale yanayotendeka mahali ambapo kamera haijaelekezwa. Makala haya yanadai kwamba utangazaji na uchambuzi wa soka kwa Kiswahili katika runinga za Tanzania na Kenya, pamoja na uhodari wake wote, bado unaziba pengo la redio. Yanadai pia kwamba ushahidi mzito wa jambo hilo umo katika sarufi, hasa katika nyakati za vitenzi.

Dai hili linapingana na maelezo mawili yaliyozoeleka kila inapozungumzwa kwamba matangazo ya mpira yameshuka hadhi. Maelezo ya kwanza, ambayo walimu wa lugha huyapenda, yanasema tatizo ni kuchanganya Kiingereza na Kiswahili. Ya pili yanahusu mbwembwe: wapo wanaozilaumu kuwa kelele, na wapo wanaoziona ndiyo roho yenyewe ya kazi. Pande zote zinapima maneno bila kuuliza maneno hayo yametumwa kufanya nini. Mtangazaji anaweza kusema Kiswahili fasaha kwa dakika 90, kwa sauti ya kupendeza, bila kumwongezea mtazamaji chochote ambacho macho yake hayakumpa.

Urithi wa redio

BBC iliporusha kwa mara ya kwanza mechi ya soka redioni, Arsenal dhidi ya Sheffield United uwanjani Highbury tarehe 22 Januari 1927, gazeti lake la vipindi lilichapisha ramani ya uwanja iliyogawanywa katika miraba yenye namba. Msikilizaji aliishika ramani mkononi, na sauti ya pili ilimtajia mraba ambao mpira ulikuwamo. Watangazaji wa Kiswahili hawakuwa na ramani ya kugawa. Walichofanya kinastahili heshima kubwa kuliko inayopewa: walikigeuza chombo chenyewe kuwa uwanja. Timu ilishambulia “kushoto kwa redio yako”, na kila aliyekaa mbele ya redio, awe Tanga au Kigoma, alijua goli liko wapi.

Ubunifu huo ulikuwa na muda mrefu wa kukomaa. Kenya ilipata televisheni mwaka 1962 na Zanzibar mapema miaka ya 1970, lakini Tanzania Bara ilisubiri hadi mwaka 1994. Hata kulikokuwa na televisheni, seti zilikuwa chache na redio ilifika kila kijiji. Kwa zaidi ya miaka 30, kwa walio wengi, mpira wa Kiswahili ulikuwa sauti peke yake: Radio Tanzania Dar es Salaam upande mmoja, Sauti ya Kenya upande mwingine. Watangazaji Leonard Mambo Mbotela, aliyefariki Februari 2025, na Charles Hilary, aliyefariki Mei mwaka huohuo, walilelewa na sauti hiyo nao wakailea. Charles Hilary, aliyepita Radio Tanzania, Radio One, Deutsche Welle na BBC kabla ya kufika Azam TV, ni mfano wa wazi wa njia iliyopitwa: ufundi uliotengenezwa redioni ulihamia kwenye picha ukiwa mzima.

Picha nayo ilikuja kwa kishindo. Azam TV ilianza kurusha matangazo mwishoni mwa mwaka 2013, na mwaka 2021 ilisaini na shirikisho la soka la Tanzania, TFF, mkataba wa miaka 10 wa haki za kuonyesha Ligi Kuu wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6. Ndani ya muongo mmoja, ligi ambayo wengi waliijua kwa masikio ikawa inaonekana kwa kamera kadhaa na marudio ya taratibu. Kamera, taa na magari ya kurushia matangazo vilibadilika. Sarufi ya anayeshika kipaza sauti ilibaki pale ilipokuwa.

Kitenzi kinachotangulia jina

Charles Ferguson, katika makala yake ya mwaka 1983 kuhusu lugha ya watangazaji wa michezo wa Marekani, alionyesha kwamba lugha hiyo ina kanuni zake: maneno hudondoshwa, na kiima na kiarifu hupinduliwa ili tendo litangulie na mtendaji afuate. Sababu ni ya kazi. Mtangazaji huona tendo kabla hajamtambua aliyelitenda, na kupindua sentensi kunamnunulia nusu sekunde ya kutafuta jina. Hoja hii ya Ferguson haina mpinzani wa maana, wala haihitaji kuzungushwa.

Ambalo halijasemwa vya kutosha ni kwamba Kiswahili kilipewa bure kile ambacho Kiingereza hukipata kwa kuvunja mpangilio wake wa kawaida. Kitenzi cha Kiswahili kinabeba kiambishi cha mtendaji. Mtangazaji akisema “anapokea”, ameshasema kwamba kuna mtu na kwamba mtu huyo ndiye mwenye mpira. Jina linaweza kuja baadaye, au lisije kabisa, na sentensi bado ni kamili. Akisema “anampa”, amewaweka wachezaji wawili uwanjani bila kumtaja hata mmoja. Chukua kipande cha kawaida kama hiki, kilichotungwa hapa kwa mfano: “Anapokea Nzengeli, anageuka, anatazama nani yuko wapi, anampa Aziz Ki, Aziz Ki anaachia shuti!” Vitenzi vitano vya tendo, na majina yamesukumwa nyuma au yameachwa. Sikio linafuata mpira bila kujikwaa. Wakati wa -na- unaolifanya tendo litokee sasa hivi, kiambishi a- kinachomshikilia mtendaji, na kiambishi -m- kinachomwandalia mpokeaji nafasi vinafanya kazi kama mashine moja iliyotiwa mafuta. Ni lugha chache zinazoweza kudai kuwa zimezaliwa tayari kutangaza mpira redioni kama Kiswahili.

Sasa kipande hichohicho kiwekwe juu ya picha. Mtazamaji amemwona Nzengeli akipokea na kugeuka. Amemwona Aziz Ki, maana jina liko mgongoni mwa jezi na kamera imemfuata. Vitenzi vitano vimemweleza mambo matano anayoyajua, na vimetumia sekunde zote ambazo zingeweza kumweleza la sita asilolijua: kwamba kiungo mkabaji wa upande wa pili alikuwa amevutwa pembeni, na aliyemvuta hakuugusa mpira kabisa. Mtangazaji hajakosea neno. Amefanya kwa ustadi kazi ambayo picha ilikwisha kuifanya.

Katika matangazo ya runinga ya Kiingereza mpira unapozunguka katikati ya uwanja, mara nyingi mtangazaji hutaja majina tu, moja baada ya jingine, kisha hunyamaza. Watazamaji wa Afrika Mashariki waliozoea sauti za Kiswahili huona ukimya huo kuwa ubaridi. Malalamiko yao yana haki yake, na hakuna sababu ya kuiga mtindo wa watu wengine kwa kuwa tu umetoka mbali. Lakini ukimya ule una maana: unakubali kwamba picha inasema. Swali kwa mtangazaji wa Kiswahili ni aseme nini badala ya kuisimulia picha, kwa kuwa hatakiwi kunyamaza na watu wake hawataki anyamaze.

Nguvu ya neno lililowekwa juu ya picha isidharauliwe. Paul Comisky, Jennings Bryant na Dolf Zillmann walichapisha mwaka 1977 matokeo ya jaribio ambalo watazamaji walionyeshwa vipande vya mpira wa magongo wa barafuni. Kipande cha mchezo wa kawaida, mtangazaji wake alipousisitiza ukali, kilionekana na watazamaji kuwa kikali kuliko kipande chenye rabsha za kweli ambacho mtangazaji hakukikolezea. Macho ya mtazamaji, kwa maneno mengine, hutii sikio lake. Ndiyo maana haitoshi kujitetea kwamba maneno ya ziada hayamdhuru mtu. Mtangazaji anayepaza sauti kwa kila krosi anamfundisha mtazamaji kwamba kila krosi ni hatari, na baada ya miaka kumi ya mafunzo hayo mashabiki wanarudi nyumbani wakilalamika kwamba timu yao “imekosa mabao kumi” katika mechi ambayo ilipata nafasi mbili za kweli.

Uchambuzi unaosubiri matokeo

Hadi hapa hoja imemhusu anayetangaza. Mchambuzi hawezi kujitetea kwa urithi, kwa sababu kazi yake kwa kiasi kikubwa ni zao la runinga yenyewe. Jopo la studioni lilipata umaarufu Uingereza wakati wa Kombe la Dunia la mwaka 1970, ITV ilipowakutanisha Malcolm Allison, Pat Crerand, Derek Dougan na Bob McNab. Waliwavutia watazamaji kwa malumbano yao zaidi ya maelezo yao ya kiufundi, na doa hilo la kuzaliwa bado liko usoni mwa majopo mengi duniani, ya Kiswahili yakiwemo.

Mechi moja inatosha kuonyesha ugumu ulipo. Tarehe 5 Novemba 2023, katika Uwanja wa Benjamin Mkapa, Yanga iliifunga Simba mabao 5-1. Ni matokeo ambayo watani wa jadi hawatayasahau, na siku chache baadaye Simba iliachana na kocha wake Mbrazil, Roberto Oliveira. Mpangilio wa mabao ni huu: Kennedy Musonda aliifungia Yanga dakika ya 3, Kibu Denis akasawazisha dakika ya 9, kisha Maxi Nzengeli dakika ya 64, Stephane Aziz Ki dakika ya 73, Nzengeli tena dakika ya 77, na Pacome Zouzoua kwa mkwaju wa penalti dakika ya 87. Maana yake ni kwamba kwa dakika 55 mfululizo, kutoka ya 9 hadi ya 64, ubao ulisoma 1-1. Halafu mabao manne yakaingia katika muda usiofika nusu saa.

Mchambuzi anayeanza na 5-1 ataieleza mechi yote kama safari ya kuelekea 5-1. Yanga walikuwa na ari tangu mwanzo, Simba hawakujituma, wapinzani walipambana zaidi, umakini ulikosekana. Kauli hizi zina kasoro moja inayoweza kupimwa. Zigeuzwe, majina ya timu yabadilishwe mahali, na Simba ifikiriwe kuwa ndiyo iliyoshinda: zote zinabaki na maana ileile. Kauli inayoweza kueleza ushindi wa kila upande haijaeleza ushindi wowote. Kujituma, kupambana, ari na umakini ni maneno mazuri ya Kiswahili na kila mchezaji anayahitaji, lakini katika uchambuzi yamekuwa shuka la kufunikia kila kitanda. Kinachotakiwa kuelezwa ni ule mpaka wa dakika ya 64. Nini kilikuwapo kabla yake na kikawa hakipo baada yake? Nani alihama nafasi, nani alichoka, kocha gani aliacha kukabia juu au akaanza kukabia juu, pengo lilifunguka upande gani? Picha za kujibu maswali hayo zilikuwepo, maana mechi ilirekodiwa yote.

Hapa sarufi inarudi kwa mlango mwingine. Kiswahili kina viambishi vilivyoundwa kwa ajili ya jambo ambalo halikutokea: -nge-, -ngeli- na -ngali-. Wasemaji wa leo hawavitofautishi sana vitatu hivyo, na hilo halidhuru hoja. Sentensi kama “beki wa kulia angalibaki kwenye mstari wake, pasi ile isingalipita” ina mambo matatu ndani yake: inataja chanzo, inataja mtu, na inaweza kukanushwa na yeyote atakayerudisha picha nyuma na kutazama. Ni kauli yenye ujasiri. Kauli ya “Simba hawakujituma” haina marudio ya kuikanusha. Kama mtangazaji wa redio aliishi katika -na-, mchambuzi wa runinga anapaswa kuishi katika -ngali-, kwa sababu marudio ya taratibu ndiyo chombo pekee kinachompa mtazamaji nafasi ya kuona kilichotokea akiwa tayari anajua mwisho wake, na hivyo kuweza kuuliza kingaliwezaje kwenda vingine. Mara nyingi, hata hivyo, marudio yanapopita kwenye kioo, sauti inayosikika ni ya -na- tena: anapokea, anageuka, anapiga. Redio imeingia mpaka ndani ya marudio.

Inaweza kujibiwa kwamba mchambuzi hana muda, kwamba matangazo ya biashara yanambana na mapumziko ni dakika 15 tu. Jibu hilo lina uzito kwa mchambuzi wa mapumziko. Halina uzito kwa vipindi vya siku ya pili vinavyochukua saa nzima na zaidi, ambako muda mwingi hutumika kusoma upya matokeo na kutaniana. Utani wa Simba na Yanga ni hazina ya jamii, na hakuna anayetaka uondolewe. Kinachodaiwa ni kwamba utani una vijiwe vyake vya kutosha na hauhitaji pia kukalia kiti cha uchambuzi.

Sheria za mchezo

Sehemu moja ambayo mtangazaji anaweza kumwongezea mtazamaji kitu kila wiki, bila gharama ya kamera wala kompyuta, ni sheria. Mfano wa karibu ni “beki wa mwisho”. Mshambuliaji akiangushwa, sauti hupanda: huyo ni beki wa mwisho, hiyo ni nyekundu. Sheria ya 12 haimtaji beki wa mwisho. Inazungumzia kumnyima mpinzani nafasi ya wazi ya kufunga, na inamtaka mwamuzi apime umbali hadi golini, mwelekeo wa mchezo, uwezekano wa mshambuliaji kuumiliki mpira, na mahali walipo mabeki na idadi yao. Beki anaweza kuwa wa mwisho na asistahili nyekundu kwa kuwa mpira ulikuwa unaelekea kwenye kibendera cha kona. Anaweza pia asiwe wa mwisho na akastahili. Tangu mwaka 2016, kosa hilo likitendeka ndani ya eneo la penalti katika jaribio la kuuchezea mpira, kadi ni ya njano pamoja na penalti. Mtangazaji asiyelijua badiliko hilo humgeuza mwamuzi aliyefuata sheria kuwa mwizi mbele ya watazamaji wote wa nchi, na mwamuzi huyo ana njia ya kurudi nyumbani usiku huohuo.

Ndivyo ilivyo pia kwa kanuni za mashindano. Fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika ya mwaka 2023 ilimalizika kwa Yanga na USM Alger kufungana mabao 2-2 kwa jumla: Waalgeria walishinda 2-1 Dar es Salaam, Yanga ikashinda 1-0 Algiers, na kombe likaenda Algeria kwa mabao ya ugenini. UEFA ilikuwa imeifuta kanuni hiyo mwaka 2021. Mtazamaji anayefuata ligi za Ulaya kila wiki alihitaji kuambiwa mapema kwamba katika mashindano haya bao la ugenini bado lina uzito wake, na kwamba mabao mawili waliyoyaruhusu Yanga nyumbani yalikuwa na bei kubwa kuliko yalivyoonekana usiku ule. Hapo ndipo mtangazaji anapomfaa mtu kitu.

Lugha, na walio nyuma ya lugha

Suala la kuchanganya lugha haliwezi kuachwa bila kuguswa, kwa kuwa limepewa nafasi kubwa mno. Kona, penalti, krosi, refa, kipa na winga ni Kiswahili kwa kipimo chochote cha haki. Bibi wa Mbagala anayatumia bila kudhani amesema Kiingereza. Kando yao lugha imejizalia yake. “Kanzu” ni mpira unaopitishwa juu ya kichwa cha mtu kama vazi linavyovalishwa. “Tobo” linajieleza lenyewe. “Kiporo” ni mechi iliyoahirishwa, chakula cha jana kinachosubiri kuliwa, na hakuna lugha jirani yenye neno tamu kama hilo kwa jambo kavu kama ratiba. Hata tafsiri za neno kwa neno hupata uraia: “kupaki basi” kulitokana na lawama ya José Mourinho dhidi ya Tottenham mwezi Septemba 2004, na leo hutamkwa na vijana waliozaliwa baada ya mwaka huo.

Kukopa maneno hakujaharibu kitu. Madhara yanaanza hukumu zinapokopwa. Mwaka 2020 tovuti ya RunRepeat ilichapisha uchunguzi wa kauli 2,073 za watangazaji wa Kiingereza katika mechi 80 za ligi za Uingereza, Italia, Hispania na Ufaransa, na ikaona kwamba wachezaji wenye ngozi nyeupe walisifiwa zaidi kwa akili, huku wenye ngozi nyeusi wakielezwa zaidi kwa nguvu na kasi. Mchambuzi wa Dar es Salaam au Nairobi anayejifunza kazi kwa kusikiliza matangazo hayo anaweza kuubeba mzani huo bila kujua, kisha akamweleza kiungo wa Ivory Coast kwa kifua na mapaja yake wakati kilichoiokoa timu ni macho yake. Jambo hilo lingestahili hasira ya walimu wa lugha kuliko neno “offsaidi” kutumika mahali pa “kuotea”.

Kuhusu ushabiki, hali ya soko inaeleza mengi. Mwaka 2022 Simba na Yanga zote zilichukua wasemaji waliokuwa wamejulikana mbele ya kamera za michezo, Ahmed Ally kwa Simba na Ali Kamwe kwa Yanga. Hakuna kosa lolote katika kuhamia kazi bora, na wote wawili wameifanya kazi mpya kwa kipaji. Lakini njia hiyo ikishazoeleka, kila mchambuzi kijana anajua kwamba mwajiri wake wa kesho huenda ni mmoja wa anaowachambua leo. Pamoja na hilo, kampuni yenye haki za kuonyesha ligi iko katika kundi moja la makampuni na Azam FC, klabu inayoshiriki ligi hiyohiyo. Mpangilio huu haumtuhumu mtu yeyote. Unaeleza tu kwa nini kauli za jumla, zisizoweza kukanushwa, zina usalama mkubwa kuliko kauli za -ngali- zinazomtaja beki kwa jina.

Pingamizi mbili

Pingamizi la kwanza ndilo zito. Watu wengi hawaitazami runinga kwa utulivu unaodhaniwa hapa. Mpira hutazamwa katika vibanda umiza, kichwa cha mwenzako kikiwa kimeziba nusu ya kioo. Hutazamwa dukani huku mteja akihudumiwa, na nyumbani huku chungu kiko jikoni. Kwa watu hao sauti inayoisimulia picha ni msaada. Wapo pia wasioona, ambao kwao FIFA imeweka matangazo maalumu ya maelezo ya sauti tangu Kombe la Dunia la mwaka 2014 nchini Brazil. Yote haya ni kweli, na pale kituo kinaporusha sauti moja kwa redio na kwa runinga, mtangazaji hana budi kusimulia. Mfano wa FIFA wenyewe, hata hivyo, unaelekea upande wa makala haya: maelezo kwa wasioona yamewekewa njia yake ya sauti, na watangazaji wake hufunzwa kwa kazi hiyo, kwa sababu inajulikana kwamba ni kazi nyingine.

Pingamizi la pili linasema watazamaji wenyewe wamechagua mbwembwe. Hilo lingeaminika kama wangekuwa wamepewa kingine cha kuchagua.

Huyu, huyo, yule

Kinachobaki ni kuonyesha kwamba Kiswahili hakihitaji kuazima chombo cha kufanyia kazi mpya. Redioni jina ndilo mfalme, kwa kuwa msikilizaji hana cha kuonyeshwa. Kwenye runinga mtangazaji na mtazamaji wanatazama kitu kimoja, na kwa hali hiyo Kiswahili kina ngazi tatu za kuonyesha: huyu, huyo, yule. “Huyu” ni mwenye mpira, aliye katikati ya kioo. “Huyo” ni aliyetajwa punde, ambaye mtazamaji bado anamkumbuka. “Yule” ni wa mbali, aliye pembezoni mwa picha au aliyekwisha kutoka ndani yake. Kikiongezwa kirejeshi, sentensi fupi inabeba uchambuzi mzima: “Tazama yule aliyenyoosha mkono kuomba pasi asiyoitaka.” Hapo hakuna jina wala tendo lililosimuliwa, na jicho la mtazamaji limehamishwa kutoka kwenye mpira hadi kwa mchezaji aliyemdanganya beki kwa ishara ya mkono.

Hata kitenzi kinachotangulia jina, urithi mkuu wa redio, hakihitaji kutupwa. Kinaweza kubadilishiwa kazi. “Hajarudi” ni sentensi kamili. Mtangazaji akiisema wakati mpira uko upande wa pili wa uwanja, mtazamaji atauliza moyoni nani hajarudi, macho yake yatamtafuta, na atamkuta beki wa kushoto amesimama hatua 30 mbele ya mahali anapotakiwa kuwa. Jina likija sasa, linakuja kama jibu. Shambulizi litakapopita upande ule dakika moja baadaye, hatahitaji kuelezwa kwa nini.